Mizani ya Mabingwa wa Misuli

Nyuma ya karakana moja hapa Ilembula, pahali ambapo vyuma chakavu vya matrekta na baiskeli hulundikwa vikimngoja fundi wa kuchomelea, pana kiwanja kidogo kilichozungushiwa mabanzi, na humo, jua linapoelekea kutua na baridi ya Ubena inapoanza kuuma masikio, vijana hukusanyika kunyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe havikununuliwa dukani. Ni bomba la maji ambalo ncha zake mbili zilitumbukizwa ndani ya makopo ya rangi, makopo yakajazwa zege, yakaachwa siku kadhaa mpaka zege likashika. Na zege lilipokuwa bichi bado, mtu alichora juu yake kwa msumari uzito aliokisia: 20, 25, 30. Siku moja niliwaomba ruhusa nikalichukua lile la 20 hadi kwa mnunuzi wa mahindi, tukalitundika kwenye mizani yake, likawa kilo 23 na nusu.

Ukutani mwa karakana hiyo, upande unaotazama kiwanja, zimepigiliwa picha mbili zilizochanwa magazetini. Moja ni ya Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria, ameinua mkono wa kushoto na kukunja kiwiko. Ya pili ni ya Ronnie Coleman, aliyekuwa askari polisi wa mji wa Arlington katika Texas, amegeuka akaonyesha mgongo mpana kama mlango wa ghala. Chini ya picha hizo vijana hubishana kila jioni, na jioni niliyopita kuwasalimu, baada ya shikamoo na marahaba, mmoja wao aliniambia: “Mzee, wewe umesoma mengi; tuamulie. Nani bingwa wa mabingwa, huyu wa zamani au huyu wa juzi?” Sikumjibu jioni ile, kwa kuwa swali lililoulizwa kwa moyo safi halistahili jibu la kukurupuka, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu jinsi namba iliyochorwa kwenye zege inavyoweza kupishana na namba inayotamkwa na mizani.

Awali ya yote ilinipasa kutenga mambo mawili ambayo ubishi wao uliyachanganya, yaani nguvu na umbo. Wazee wetu waliijua nguvu na kuitukuza, lakini sijapata kusikia kwamba walimsimamisha mtu mbele ya hadhira, amepakwa mafuta, ili wamhukumu kwa mapana ya mabega yake. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ambaye sifa zake zimehifadhiwa na washairi wa Pate na Lamu, hakupimwa kwa utepe. Alipimwa kwa hofu aliyoitia katika nyoyo za adui zake. Inasimuliwa kwamba alipochomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, alitoka akapiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari kwenye upinde, akafa katika hali hiyo hiyo. Na watu wa mji wakakaa kwa kiu bila ya kuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Hicho ndicho kipimo cha nguvu katika fasihi yetu.

Wapagazi wa misafara ya karne ya kumi na tisa, waliotoka bara hadi Bagamoyo na mzigo wa kadiri ya frasila mbili begani, walikuwa na miili ambayo msanifu wa sanamu angeitamani, lakini aliyewaajiri alihesabu mizigo, hakuhesabu misuli. Na hapa Njombe mambo hayakuwa mbali na hayo. Tangu zama za Wajerumani, na zaidi katika zama za Waingereza, vijana wa Kibena waliandikwa kwa maelfu kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Niliwahi kukaa na mzee mmoja aliyekwenda huko ujanani. Alikuwa na kipande chake hata siku ile, kadi iliyochakaa ya siku 30 za kazi, kila siku na alama yake, na alipovua shati ili anionyeshe bega lililobeba mafungu ya mkonge, kila fungu majani 30, niliona bega la kulia limeshuka chini ya la kushoto kwa upana wa vidole viwili. Mwili ule ulijengwa na kazi, na kazi ile ile ikaupinda. Hali kadhalika walikuwapo waliojenga reli ya TAZARA baina ya mwaka 1970 na 1975, hasa katika kipande cha Mlimba hadi Makambako, ambacho kwa madaraja yake na mahandaki yake kilikuwa kigumu kupita vyote. Nao walikuwa wanyanyua vyuma, ila vyuma vyao vilikuwa reli, na hakuna aliyewapigia makofi walipovitua.

Kutunisha misuli kwa ajili ya kutazamwa ni sanaa nyingine, na asili yake ni Ulaya. Mwanzilishi wake anayetajwa zaidi ni Eugen Sandow, aliyezaliwa mwaka 1867 katika Königsberg, mji wa Prussia wakati huo, kwa jina la Friedrich Wilhelm Müller. Alianza kama walivyoanza wenye nguvu wote wa majukwaani, kwa kuinua uzito na kukata minyororo. Lakini alipokuwa Chicago mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, ilidhihirika kwamba watu walilipa kiingilio kwa hamu ya kuutazama mwili wake, na chuma alichokiinua kilikuwa kisingizio tu. Hapo ndipo nguvu ilipojitenga na umbo. Sandow alijipaka unga mweupe apate kufanana na sanamu za marumaru, akasimama kimya, akapigwa picha, na picha zikasambaa duniani.

Tarehe 14 Septemba 1901, katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, alifanya mashindano makubwa ya kwanza ya sanaa hii. Mahakimu walikuwa watatu: Sandow mwenyewe, mchonga sanamu Charles Lawes, na Arthur Conan Doyle, tabibu na mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes. Naomba msomaji asimame nami kidogo hapa, maana juu ya jiwe hili nitajenga yote yatakayofuata. Mambo yaliyowekwa mizanini siku ile yalikuwa matano: ukuaji wa mwili kwa jumla, uwiano wa viungo, uimara wa nyama, siha ya mtu, na hali ya ngozi. Ilitangazwa wazi kwamba tuzo haitakwenda kwa mwenye misuli minene kuliko wote. Aliyeshinda alikuwa William Murray wa Nottingham, ambaye jina lake leo limesahauliwa hata na wapenzi wa mchezo wenyewe. Lakini ile kanuni ya nne, siha, ndiyo niliyoifuatilia mwaka baada ya mwaka kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka njiani.

Katika nusu karne iliyofuata kanuni hizo zilidumu kwa kiasi kikubwa. Steve Reeves, aliyetwaa taji la Mr. America mwaka 1947 na la Mr. Universe mwaka 1950, alisifiwa kwa kuwa shingo yake, mkono wake wa juu na shavu la mguu wake vilipata kipimo kimoja. Reg Park, Mwingereza aliyehamia Johannesburg, alikuwa mzito kuliko Reeves na mwenye nguvu zaidi, alitwaa Mr. Universe mara tatu, mwaka 1951, 1958 na 1965, na kijana mmoja wa Austria alibandika picha zake ukutani kama vijana wa Ilembula walivyobandika picha ya kijana huyo alipokwisha kuwa mtu mzima.

Mwaka 1965 likaanzishwa taji la Mr. Olympia, ili mabingwa waliokwisha kushinda kwingine wapate uwanja wa kushindana wao kwa wao. Larry Scott wa Marekani alilichukua miaka miwili ya kwanza akastaafu. Kisha akaja Sergio Oliva, Mweusi wa Kuba, mnyanyua uzito aliyeitoroka timu ya taifa lake ilipokuwa Jamaica mwaka 1962 akapata hifadhi Marekani; yeye alilitwaa mwaka 1967, 1968 na 1969, na katika mwaka wa pili hakupatikana hata mmoja wa kusimama naye. Nimetazama picha za Oliva mara nyingi, na ninakiri kwamba kwa wembamba wa kiuno na utele wa mikono sijaona mfano wake mpaka leo. Schwarzenegger alishindwa naye mwaka 1969, akamshinda mwaka 1970, na tangu hapo hakushindwa tena mpaka alipostaafu mara ya kwanza mwaka 1975, akarudi mwaka 1980 kuchukua taji la saba.

Taji lile la mwaka 1975 lina habari yake, na habari hiyo inatuhusu sisi wa Tanzania kuliko wengine. Mashindano yalifanyika Pretoria, mji mkuu wa utawala uliowatenga watu kwa rangi zao, katika miaka ambayo nchi yetu ilikuwa kinara wa kudai kwamba Afrika Kusini ifungiwe milango ya michezo yote. Jukwaani alikuwapo Serge Nubret, Mweusi wa Guadeloupe, aliyepata nafasi ya pili nyuma ya Schwarzenegger katika kundi la wazito. Filamu iliyotengenezwa juu ya mashindano hayo ilienea duniani ikawafanya mamilioni waingie katika mchezo huu, na katika filamu hiyo Pretoria ni mji wa kawaida tu, wenye hoteli na ukumbi.

Mwaka uliofuata, 1976, mataifa mengi ya Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwa ya mbele, yalisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga Afrika Kusini na bado ikaruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, aliyekuwa ameivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alibaki bila ya kukimbia mbio ambazo dunia nzima ilizingoja. Taji moja lilitwaliwa Pretoria, na medali moja ikaachwa kwa ajili ya Pretoria. Sisemi kwamba Schwarzenegger hakustahili. Mwili wake ulimstahilisha. Ninasema tu kwamba tunapolinganisha mabingwa wa zama mbalimbali, ni haki tukumbuke pia milango ipi ilikuwa wazi na nani aliyekataa kupita.

Baada ya hapo kilikuja kipindi kifupi ambacho mtu mdogo alitawala. Frank Zane, mwenye kimo cha sentimita 175 na uzito usiofika kilo 90 siku ya mashindano, alilitwaa taji mwaka 1977, 1978 na 1979 mbele ya watu waliomzidi kwa kilo nyingi, kwa kuwa mahakimu wa miaka ile waliutazama mstari wa mwili kama msomaji anavyoutazama mstari wa shairi, wakitafuta vina na mizani yake. Chris Dickerson, ambaye mwaka 1970 alikuwa Mweusi wa kwanza kuwa Mr. America, alishinda mwaka 1982, na Samir Bannout wa Lebanon mwaka 1983.

Halafu ukaja wakati wa uzito. Lee Haney alitawala tangu mwaka 1984 hadi 1991, mara nane mfululizo, akiwa na kilo zipatazo 110. Dorian Yates, Mwingereza aliyejifungia katika chumba cha chini ya ardhi mjini Birmingham, alishinda mara sita akiwa karibu na kilo 118, akaondoka mwaka 1997 na misuli ya mikono iliyokatika. Coleman alianza mwaka 1998, akafikia mataji manane mwaka 2005, na mwaka 2003 alipanda jukwaani akiwa na kilo zipatazo 130. Msomaji apige hesabu mwenyewe: Coleman hakumzidi Zane kwa kimo ila sentimita chache, lakini alimzidi kwa zaidi ya kilo 40, ambazo ni karibu na nusu gunia la mahindi, tena zote nyama.

Nyama hiyo ilitoka wapi? Chakula kiliongezeka, ni kweli, na maarifa ya mazoezi yalikua. Lakini tusifiche. Homoni ya kiume iliweza kutengenezwa maabara tangu mwaka 1935, na mwaka 1958 kidonge cha Dianabol kikaingia madukani Marekani. Miaka ya 1990 zikaongezwa homoni ya ukuaji na insulini, dawa ambayo hospitalini petu huokoa maisha ya wagonjwa wa kisukari na ambayo mwenye afya akiichezea inaweza kumwangusha kwa saa moja. Ziliongezwa pia dawa za kukausha maji mwilini ili ngozi ishikamane na misuli. Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, bingwa mwenye umbo la kupendeza mno, alifariki mwezi Oktoba 1992 akiwa na umri wa miaka 33, saa chache baada ya kushinda mashindano Uholanzi. Alikuwa ameshinda, na mwili uliomshindisha ulikuwa umekwisha maji.

Basi ile kanuni ya nne ya mwaka 1901 ilidondoka mahali fulani katika njia hii. Hakuna aliyesimama akatangaza kwamba siha imeondolewa. Iliacha tu kutajwa. Mahakimu waliendelea kupima unene, ukavu na uwiano, na juu ya moyo na figo na uti wa mgongo wa mtu waliyemvika taji hawakuulizwa neno. Wapenzi wa mchezo wenyewe waliona kasoro, ndiyo maana mwaka 2016 likaanzishwa daraja lenye kikomo cha uzito kwa kadiri ya kimo, ambamo Chris Bumstead wa Kanada alishinda tangu mwaka 2019 hadi 2024, na watu wakafurahi kuona tena viuno vyembamba kama vya zama za Zane. Katika daraja la wazito taji limefika mikononi mwa wana wa Afrika: Mamdouh Elssbiay wa Misri, aliyekuwa mvuvi, mwaka 2020 na 2021, na Samson Dauda, mwenye asili ya Nigeria anayeishi Uingereza, mwaka 2024. Kwa wanawake, Iris Kyle wa Marekani ametwaa Ms. Olympia mara kumi, idadi ambayo hakuna mwanamume aliyeifikia. Na ninashangaa kwamba ukutani mwa karakana ile picha yake haipo.

Sasa nirudi kwa vijana wangu. Wanaomtetea Coleman husema, na husema kweli, kwamba yeye alikusanya katika mwili mmoja vile vitu viwili nilivyovitenga mwanzo, nguvu na umbo, kwa kuwa alichuchumaa na kusimama mara mbili akiwa na ratili 800 mabegani, yaani kilo zipatazo 363. Hakuna bingwa mwingine wa Olympia anayejulikana kwa mfano huo. Lakini Coleman amepasuliwa mgongo na nyonga zaidi ya mara kumi, na mtu aliyesimama na kilo 363 leo hutembea kwa magongo. Mwenyewe ametamka hadharani kwamba hajuti, na mimi namheshimu kwa uthabiti huo. Ila nikimtazama namkumbuka yule mzee wa mkonge na bega lake lililoshuka, na tofauti ninayoiona ni kwamba mzee hakuchagua.

Wanaomtetea Schwarzenegger husema kwamba bila yeye mchezo usingefika Ilembula, na hilo pia ni kweli. Hata hivyo kueneza sanaa ni jambo moja na kuikamilisha ni jambo lingine. Mhubiri hodari si lazima awe mtakatifu kupita waumini wote.

Mimi nikizirejesha mizanini zile kanuni tano, na ya nne ikiwamo, hukumu yangu inamwangukia mtu ambaye kiwanjani hakutajwa kabisa, Lee Haney. Alikuwa na uzito wa zama mpya na kiuno cha zama za kale. Mwaka 1990, mashindano yalipowekewa vipimo vya dawa, taji lilibaki kwake. Aliivunja hesabu ya Schwarzenegger, na alipokwisha kulitwaa la nane mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 31 tu, aliacha kushindana, mzima wa viungo, katika umri ambao Coleman alikuwa bado hajalipata hata taji lake la kwanza. Baadaye aliteuliwa mwenyekiti wa baraza la rais wa Marekani la siha na michezo. Katika orodha nzima ya mabingwa wa Olympia sijaona mwingine aliyejua siku ya kushuka jukwaani kwa usahihi kama huo.

Nimewapelekea vijana hukumu hii, na ninajua watabishana nayo, kama ilivyo haki yao. Kwao nina ombi moja. Mnakula vizuri: viazi vya Njombe, maharage, maziwa na parachichi vinatosha kujenga mwili, na wale wanaokuja na vichupa visivyo na maandishi kutoka Makambako wanawauzia msichokihitaji. Hospitali ya Ilembula iko hatua chache kutoka kwenye karakana yenu. Kabla ya kuzungusha tena utepe kwenye mkono, nendeni asubuhi moja wote kwa pamoja mkapimwe shinikizo la damu, muandike namba zenu ukutani chini ya zile picha, na mwaka ujao mkapime tena.